Subaru ya Mtumba Kabla ya Kulipa

Mama mpendwa, ikiwa baba watoto anaitamani Subaru Impreza au Forester yenye tabo, usiyakimbie mazungumzo hayo ukidhani ni ya wanaume. Fedha hiyo ndiyo ada ya watoto.

Nendeni kulitazama asubuhi. Gusa boneti, ikiwa na joto, muuzaji aeleze kwa nini amewasha mapema, maana injini ya baridi haifichi kitu. Liwashwe, nawe usimame nyuma. Moshi wa bluu ni dalili kwamba gari linakula oili, na huenda tabo imechoka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, au mapovu kwenye maji ya rejeta, huashiria gasketi ya silinda hedi. Hapo ageni mwende zenu.

Subaru nyingi za miaka ya 1990 zina mkanda wa taimingi wa mpira, ambao hubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi. Ukikatika njiani, vali zaweza kugonga pistoni, na injini ndiyo imekwisha. Hakuna risiti ya kuubadilisha? Punguzeni gharama hiyo kwenye bei. Kilomita za dashibodi zisikutulize, kwani hurudishwa nyuma. Tazama pedali zilivyolika.

Ekzosi ya kelele (wengine huisifu!) mara nyingi ni alama ya gari lililokimbizwa sana.

Fundi awe wenu, wa Temeke au Kinondoni, si rafiki wa muuzaji. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye kadi, na jina la mmiliki lithibitishwe TRA kabla fedha haijatoka mkobani.