Mbwa Mchangamfu Nyumbani: Malezi, Mafunzo na Kinga

Katika kata ya Nyakahanga, wilayani Karagwe, nyumba nyingi zimezungukwa na migomba. Humo humo kibanjani hupandwa kahawa na maharage, mbuzi hufungwa kando, na kuku hutafuta riziki chini ya majani makavu. Mbwa naye ana nafasi yake. Usiku hubweka apitapo mtu asiyemjua. Mchana humfukuza nguchiro anayewanyemelea vifaranga, na akinusa fuko chini ya tuta la viazi hufukua udongo kwa nguvu zake zote.

Lakini mbwa huyo huyo, asipofunzwa, huwafukuza kuku badala ya nguchiro, huharibu matuta na kuwarukia wanafunzi wapitao njiani. Hapo wenyeji wake humwita mkorofi, humfunga mnyororo na kumchapa. Makala haya yanaeleza kwa nini dawa hiyo haiponyi, jinsi mbwa mchangamfu anavyoweza kufunzwa, na kwa nini jambo hili linagusa uhai wa watu.

Uchangamfu unatoka wapi?

Tabia ya mbwa hutokana na mambo mawili: urithi na malezi. Kwa karne nyingi binadamu amechagua mbwa wanaofaa kazi fulani na kuwazalisha. Huko Uingereza walizalishwa mbwa wadogo wenye bidii nyingi, ili wawafuate mbweha na panya hadi ndani ya mashimo. Mbwa hao huitwa teria, jina linalotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi. Aina mojawapo, Jack Russell, inakumbusha jina la padri John Russell (1795–1883), aliyependa sana uwindaji.

Mbwa wetu wa kienyeji si teria, ila wengi wao wana tabia zinazofanana na zake: kunusa, kufukuza, kufukua na kubweka. Tabia hizo si ukorofi. Ni nguvu ya kazi ambayo haijapewa kazi. Mbwa wa namna hii akifungwa mnyororo kutwa nzima, nguvu yake haipotei, bali hugeuka kuwa kelele, uharibifu na ukali.

Majuma ya mwanzo

Wahenga walisema, umleavyo ndivyo akuavyo. Sayansi imethibitisha jambo hilo kwa upande wa mbwa. Wachunguzi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu cha kuzoea viumbe na mambo yanayomzunguka. Kipindi hicho huanza yapata juma la 3 baada ya kuzaliwa na kuendelea hadi karibu juma la 12 au la 14. Anachokizoea wakati huo hakimtishi ukubwani. Asichokutana nacho anaweza kukiogopa maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye aumaye upesi.

Kwa hiyo, katika majuma hayo mtoto wa mbwa aonyeshwe kwa upole watu wazima na watoto, mbuzi na kuku, baiskeli na pikipiki. Kila siku ashikwe masikio, miguu na mdomo, kisha apewe chakula kidogo. Azoeshwe pia mkanda laini shingoni na kuongozwa kwa kamba. Umuhimu wa zoezi hili utaonekana mbele.

Mbwa hujifunzaje?

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov (1849–1936), alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kula huanza kudondokwa na mate mara ausikiapo mlio huo, hata kabla chakula hakijaletwa. Amehusisha mambo mawili yanayofuatana. Naye Edward Thorndike wa Marekani, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1898, alionyesha kwamba mnyama hurudia tendo linalomletea matokeo mema, na huacha lile lisilomletea faida.

Kanuni hizo zinatumika hapa hapa nchini. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mwalimu hutoa mlio mfupi mara panya afanyapo sawa, kisha humpa chakula kitamu, kwa mfano ndizi. Fimbo haihitajiki. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu huko Kambodia. Ikiwa panya hufunzwa hivyo, mbwa ambaye ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hawezi kushindwa.

Kwa nini fimbo haifai?

Tuseme mbwa amefukua tuta asubuhi, na mwenyewe akaliona jioni. Anamwita mbwa, mbwa anakuja, anachapwa. Mbwa amejifunza nini? Hawezi kuihusisha fimbo ya jioni na udongo wa asubuhi. Anaihusisha na tendo alilolifanya muda huo huo, yaani kuja alipoitwa. Kesho akiitwa atakimbia, na mwenyewe atasema kuwa mbwa wake ni mkaidi. Kwa kweli mwanafunzi amelishika vizuri somo alilofundishwa, ila somo lenyewe lilikuwa baya.

Tuzo pia ina wakati wake. Ikitolewa mara moja, papo hapo, mbwa huelewa. Ikichelewa, huambatana na tendo jingine. Isitoshe, kumtesa mnyama kumekatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Masomo manne ya kuanzia

Kila somo lichukue dakika 5 hivi, mara mbili au tatu kwa siku, kabla mbwa hajala. Vipande vya dagaa vinatosha kuwa tuzo.

1. Kuja. Ita jina lake kwa sauti ya furaha. Akifika, mpe tuzo mara moja. Usimwite kamwe ili umwadhibu.

2. Kukaa. Shika dagaa juu kidogo ya pua yake, kisha usogeze mkono nyuma ya kichwa chake. Akiinua kichwa, makalio yatashuka. Yakigusa ardhi tu, sema "Vema" na umpe.

3. Kuwaacha kuku. Mshike kwa kamba mbali na kuku. Akiwatazama kisha akageuka kukutazama wewe, mpe tuzo. Siku hadi siku msogeze karibu zaidi.

4. Kutoruka juu ya watu. Akiruka, geuka pembeni na unyamaze. Akitua miguu yote minne chini, msifu. Watu wote wa nyumbani washike kanuni moja, kwani mbwa akikatazwa na mama na kuruhusiwa na watoto hatajua lililo sahihi.

Pamoja na masomo, apewe kazi. Ficha dagaa chini ya majani makavu ya migomba ayatafute kwa pua yake. Mtengee mahali pake pa kufukua, mbali na viazi. Mtembeze kila siku kwa kamba. Mbwa aliyechoka kwa kazi njema hulala kwa amani.

Chakula na afya

Mbwa hula vyakula vingi vya nyumbani: ugali au ndizi zilizopikwa, pamoja na dagaa au mabaki ya nyama. Awe na maji safi wakati wote. Asipewe vitunguu, kwani huharibu chembechembe nyekundu za damu yake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo. Matumbo na maini mabichi yasitupwe kwake, kwa kuwa hueneza minyoo ambayo humdhuru na binadamu. Kupe, viroboto na funza viondolewe mapema, na dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa bwana mifugo au bibi mifugo.

Mbwa anayeshikika ndiye anayechanjika

Sasa tufikie jambo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, virusi huingia jerahani na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 hadi 3, ingawa inaweza kuwa fupi au ndefu zaidi. Dalili zikishaonekana, mgonjwa hufa karibu kila mara. Ulimwenguni kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Chanjo ipo. Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Uchunguzi uliofanywa Serengeti na Ngorongoro umeonyesha kwamba kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza zaidi kidogo ya mbwa mmoja mwingine. Maana yake ni kwamba mnyororo wa maambukizo unakatika kwa urahisi, iwapo mbwa 7 kati ya kila 10 watachanjwa kila mwaka. Kiwango hicho hufidia mbwa wanaokufa na wale wanaozaliwa kabla ya zamu ijayo ya chanjo. Kisiwani Pemba, chanjo iliutokomeza ugonjwa mwaka 2014. Uchanjaji uliposimama, ukarudi mwaka 2016. Mbwa wakachanjwa tena kisiwani kote, nao ukatoweka mwaka 2018.

Hapa ndipo mafunzo yanapokutana na kinga. Chanjo haimfikii mbwa asiyeshikika. Mwenye mbwa aliyelelewa kwa mnyororo na fimbo huweza kubaki nyumbani siku ya chanjo, si kwa ukaidi, bali kwa sababu hathubutu kumgusa mbwa wake mwenyewe. Yule aliyezoeza masikio na miguu ya mbwa wake kushikwa atakwenda naye kwa kamba, atachanjwa, na watarudi.

Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa, hata kama jeraha ni dogo. Asingoje dalili.

Jaribio kwa wanafunzi

Tumia mtoto wa mbwa wa nyumbani kwenu, mpole na aliyechanjwa. Usitumie mbwa wa watu. Mfundishe kukaa kwa tuzo, mara 10 kila siku. Andika ni mara ngapi alikaa kwa amri ya kwanza, kisha chora grafu: siku kwenye mhimili mlalo, idadi ya mafanikio kwenye mhimili wima. Mwenzako afanye hivyo hivyo kwa mbwa wa umri ule ule, ila acheleweshe tuzo kwa sekunde 10. Linganisheni grafu zenu darasani, na mjadili: ni mwanafunzi yupi aliyeelewa upesi, na kosa lilikuwa la mwanafunzi au la mwalimu?