Sauvage Imekushinda Bei? Hizi Hapa Chupa za Kukufikisha Mbita Ukinukia Bila Kuuza Nyavu

Wacha nikuanzishie na story ya binamu yangu, juu kama umewahi kununua "Sauvage" ya thao mbili na punch, hii ni story yako pia.

Jamaa alikuwa anavuka kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita, halafu aunganishe Rusinga, kupeleka ayie. Na unajua ayie si mchezo. Hiyo ndiyo siku mama ya dame anakukagua kuanzia kiatu hadi nywele huku akikukaribisha chai. Kwa hivyo shati ilikuwa imepigwa pasi, kiatu kimekopwa, na mfukoni kuna boksi ya buluu nyeusi imeandikwa Dior, amenunua Kisumu kwa msee wa begi, Sh2,500. Alijipulizia mara nane hapo ufuoni kabla feri iondoke. Tukiwa katikati ya maji nikamwegemea nimskie. Wapi! Alikuwa ananuka spiriti kidogo na omena kidogo. Spiriti ilikuwa yake, omena ilikuwa ya feri. Kufika Mbita, shingo imetoka vipele vyekundu, na bwana arusi mtarajiwa akaingia kwa wakwe akijikuna.

Ayie ilipokelewa, usijali. Lakini hadi leo mashemeji humuuliza kama bado anawashwa.

Kosa la huyo msee halikuwa kukosa doo ya orijino. Kosa ni kuwa alidhani kuna vitu viwili tu duniani, orijino na feki. Kuna kitu cha tatu, ni halali, kinauzwa na boksi yake na jina lake, na hakitakuaibisha mbele ya mathe wa watu.

Kwanza, kwa nini kila msee anataka Sauvage

Sauvage hii tunayoijua ilitoka 2015. Aliyeichanganya ni François Demachy, mtengenezaji marashi wa Dior wakati huo, na sura yake kwa matangazo ni Johnny Depp. (Usiichanganye na Eau Sauvage, hiyo ni ya 1966 na ni harufu tofauti kabisa, ya wazee waliotulia.) LVMH, kampuni yenye Dior, ilisema kwamba 2021 Sauvage ndiyo iliongoza kwa mauzo ya marashi duniani, ya wanaume na ya wanawake kwa pamoja. Na 2023 vyombo vya habari Marekani viliripoti kuwa Depp ameongezewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 20. Hizo ni kama shilingi bilioni mbili na nusu hivi. Sasa jiulize, ukilipa zaidi ya elfu kumi kwa chupa, ni kiasi gani kinaenda kwa kile kimiminika ndani na kiasi gani kinaenda kwa Johnny akipiga gitaa jangwani?

Ndani yenyewe si uchawi. Ukipuliza, kitu cha kwanza kinakugonga ni bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na machungwa linalolimwa Calabria, Italia. Pamoja nayo kuna pilipili. Halafu chini yake kuna kitu kinaitwa ambroksani, na huyu ndiye mchezaji mkuu. Ndiye anakaa kwa shati hadi jioni, ile harufu safi, ya chumvi kidogo, kama ngozi ya mtu ametoka kuoga.

Na hapa kuna kitu kitakufurahisha. Ambroksani ni mtoto wa maabara wa kitu ambacho watu wa pwani yetu walikijua kabla Dior azaliwe: ambari. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, inaelea baharini miaka, halafu mawimbi yanaileta ufuoni. Al-Masudi, yule msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika habari ya ambari ya pwani ya Zanj, yaani huku kwetu Afrika Mashariki, kwamba ilikuwa ya kiwango cha juu. Siku hizi hakuna haja ya nyangumi. Ambroksani inatengenezwa kutokana na mmea, na kiwanda chochote cha marashi kinaweza kuinunua. Ndiyo maana harufu ya aina ya Sauvage inaweza kuigwa kwa bei ya chini.

Hebu tuongee kuhusu kuiga, maanake ni hapo watu huchanganyikiwa

Jina "Sauvage", neno "Dior", muundo wa chupa: hivyo vyote vina mwenyewe. Ukiviweka kwa chupa yako bila ruhusa, hiyo ni bidhaa bandia, na Kenya tuna sheria ya 2008 ya kupambana na bidhaa bandia na mamlaka nzima ya kuisimamia. Lakini harufu yenyewe ni stori nyingine. Juni 2006, mahakama ya juu ya Ufaransa ilisema harufu ya marashi hailindwi kama vile wimbo au kitabu. Siku tatu baadaye, mahakama ya juu ya Uholanzi ikasema inalindwa, kwa kesi ya Lancôme. Wazungu wenyewe hawakuskizana, maze!

Katikati ya huo mwanya ndiko viwanda vya Dubai vimejenga biashara kubwa. Vinatengeneza harufu inayokaribia ile maarufu, vinaipa jina lao, chupa yao, boksi yao. Hakuna anayekudanganya kuwa ni Dior. Hiyo ndiyo tofauti kati ya pacha na feki. Pacha ana kitambulisho chake. Feki ametembea na kitambulisho cha mwenyewe.

Sasa chupa zenyewe

Kama unataka Sauvage ile ya kawaida, ya mchana, anza na Salvo ya Maison Alhambra. Hawa ni watu wa Lattafa, kampuni ya Dubai. Jina tu linakuonyesha wanaelekea wapi, hawajifichi sana. Bergamoti iko, pilipili iko, ule usafi wa chini uko. Pale mwanzo ina ukali kidogo wa spiriti kuliko orijino, dakika mbili tatu, halafu inatulia. Mtu akikupita kwa steji ya Ndori atasema ni Sauvage. Mtu ako na orijino nyumbani akikushika shati na kunusa kwa makini, huyo atajua. Lakini huyo mtu anakushika shati kwa nini?

Armaf nao, pia wa Dubai, wana Ventana, ambayo inacheza uwanja huo huo. Ni ya kawaida tu, inaingia poa, ila sidhani inaishinda Salvo.

Mfalme wa hii list kwangu ni Asad ya Lattafa. Hii haifuati Sauvage ya 2015, inafuata Sauvage Elixir, ile nzito iliyotoka 2021 na ambayo bei yake ndiyo inauma zaidi. Asad ni simba kwa Kiarabu, na kama ulisoma mashairi ya zamani shuleni unajua hata Kiswahili kina asadi. Inafungua na pilipili manga, tumbaku na nanasi kwa mbali, halafu inaingia kahawa, halafu vanila inakuja mwisho na kukaa. Inakaa kweli kweli. Shati ukiivua usiku, asubuhi bado inaongea. Madukani mara nyingi utaipata kwa elfu tatu na kitu hadi nne na kitu, mililita 100. Ukigawanya hiyo kwa siku utakazoitumia, ni bei ndogo kuliko chapati moja kwa siku.

Lakini nikuonye kuhusu Asad, omera. Usijipulizie saa saba mchana Luanda Kotieno. Joto linafanya marashi yapande kwa nguvu, na hiyo vanila na tumbaku chini ya jua la ziwa, ndani ya mathree ya watu kumi na nne, ni vita. Asad ni ya jioni, ya kanisa asubuhi mapema, ya harusi ikianza kupoa. Mchana kaa na Salvo.

Kama huwa unasikia wasee wa Twitter wakibishana kuhusu Creed Aventus, ile ya 2010 yenye nanasi na moshi, hiyo bei yake hata tusiiongelee, tutalia. Pacha wake ni Club de Nuit Intense Man ya Armaf. Mwanzo wake ni limau kali hadi unaweza kudhani umenunua sabuni ya choo. Vumilia nusu saa. Ikishuka, ule moshi unatokea na utaelewa kwa nini ilipata jina dunia nzima. Na kwa vijana wa klabu kuna 9PM ya Afnan, tamu, inamfuata Ultra Male ya Jean Paul Gaultier. Mimi binafsi nimeizeekea, lakini kama una miaka ishirini na unaenda raundi Kisumu usiku, haitakuangusha.

Na kama hata elfu tatu hakuna?

Kuna kupimiwa. Kisumu mjini, kama mji wowote mkubwa Kenya, kuna maduka yenye safu ya chupa kubwa ukutani, unalipa kwa mililita. Unaingia na mia tatu, unatoka na kichupa cha mfukoni. Haya yana wazuri na wabaya. Uzuri ni kwamba unajaribu kabla ulipe. Ubaya ni kwamba jina kwenye kibandiko halimaanishi chochote. "Sauvage" ya duka hili na "Sauvage" ya duka la pili yanaweza kuwa mbingu na ardhi, kulingana na nani aliuza mafuta na nani alichanganya spiriti.

Kwa hivyo fanya hivi. Mwambie akupulizie mkononi, halafu toka. Nenda ukale samaki Dunga, zunguka, rudi baada ya saa moja au mbili. Dakika kumi za kwanza za marashi yoyote ni tangazo. Unachonunua ni kile kimebaki baadaye. Na ukipuliza ndani ya kiwiko na ngozi ikianza kuwasha, umejiokolea shingo. Binamu yangu hakujipa hata hiyo nafasi.

Kumtambua feki

Bei ndiyo inakuambia kwanza. Hakuna msee wa begi ako na Sauvage orijino ya mililita 100 kwa Sh2,500, hata kama ilitoka kwa "meli Mombasa" ama "shemeji wa airport". Kifuniko cha orijino kina sumaku, kinajifunga chenyewe, lakini mafeki wa siku hizi nao wameweka sumaku, kwa hivyo usijitulize na hiyo tu. Angalia namba ndogo chini ya chupa kama inalingana na ya boksi. Angalia dawa inatoka kama ukungu laini ama kama mtu anatema mate. Na usidhani mapacha wa Dubai hawaigwi. Asad ilivyopendwa, lazima kuna msee mahali anaipikia feki, kwa hivyo nunua dukani penye unaweza kurudi ukilalamika.

Ukiwa unaishi kando ya ziwa, kuna hesabu nyingine

Kama unafanya kazi ya samaki, ama umepitia tu penye omena imeanikwa, marashi juu ya ile harufu hayaifichi. Yanaoana nayo, na mtoto wao ni mbaya kuliko wazazi wote wawili. Harufu ya samaki inatokana sana na kemikali zinazoitwa amini (ndiyo, kama kuamini), na hizo zinatulizwa na asidi. Kwa hivyo ndimu kwanza, ama siki, sugua mikono, vidole, chini ya kucha, halafu sabuni na maji. Nyanya zetu walijua hii kitambo bila kusoma kemia. Shati ya kazini usiivae kwa safari, hata kama inaonekana safi.

Ukishaoga na kukauka, paka mafuta ya kujipaka yasiyo na harufu shingoni na kifuani, Vaseline ya kawaida inatosha. Ngozi kavu hunywa marashi, ngozi yenye mafuta huyashikilia. Halafu pulizia mara tatu, nne ukijibeba sana. Usisugue viganja pamoja vile watu hufanya kwa sinema. Na usingoje ufike ufuoni ndio upulize juu ya jasho na upepo wa ziwa, nusu itaenda Uganda. Pulizia nyumbani.

Halafu chupa. Keja ya mabati saa nane mchana ni oveni, na joto na mwanga ndivyo huua marashi. Ile tabia ya kuipanga dirishani ndio wageni waione, wachana nayo. Irudishe kwa boksi yake, iweke chini kabisa ya sanduku ama nyuma ya nguo. Binamu yangu sasa ana Asad, anaificha ndani ya gamboti nzee chini ya kitanda, na amenikataza kuwaambia mashemeji iko wapi.