Taa za Mchana Zinapowaka na Kuzimika

Gari litokalo Walukuba, mjini Jinja, kwenda Kampala hupita katika msitu wa Mabira. Mvua inyeshapo, humo huwa giza hata adhuhuri, na dereva anayetaka kulipita lori yampasa aone mapema gari lijalo mbele yake. Ndiyo kazi ya taa za mchana.

Ndugu msomaji, iwapo taa hizo katika gari lako la zamani huwaka na kuzimika, usikimbilie kununua balbu. Balbu iliyoungua, kwa kawaida, haiwaki tena.

Kwanza, shusha breki ya mkono. Katika baadhi ya magari, breki hiyo ikivutwa taa huzimika kwa makusudi. Swichi yake ikichakaa, huzizima hata njiani.

Pili, ikizimika taa moja tu, chunguza soketi yake na waya ufungwao kwenye bodi. Zikizimika zote mbili, chunguza fyuzi na rilei.

Tatu, injini ikiwa inanguruma, tikisa nyaya polepole, mikono ikiwa mbali na feni. Taa ikipepesa, hapo ndipo penye ugonjwa. Zima injini, fungua waya hasi wa betri, sugua kutu kwa msasa, kisha kaza.

Kamwe usiweke fyuzi yenye nguvu kuliko iliyoandikwa, wala kipande cha waya mahali pake: gari laweza kuungua pamoja na jamaa zako.

Hadi utakapoitengeneza hitilafu hiyo, washa taa kubwa hata mchana.