Ukitembeza wageni Mombasa, usianzie Ngomeni

Ukipata mgeni kutoka ng'ambo hapa Mombasa, kila utakayemuuliza atakwambia umpeleke Ngomeni. Mimi pia ndivyo nilivyofanya miaka sita iliyopita, rafiki yangu aliponijia kutoka Denmark. Asubuhi ya kwanza tu tukawa mlangoni Fort Jesus, tukalipa kiingilio, tukazungushwa na kuhadithiwa habari za Wareno na mizinga yao mpaka jua likatuwakia utosini. Tulipotoka, mgeni wangu akaniuliza kwa nia njema kabisa: "Sasa kabla Wareno hawajaujenga mji, hapa palikuwa na nini?"

Nilighadhibika kidogo. Kisha nikaona kwamba yeye hana kosa. Mimi ndiye niliyemwanzishia hadithi katikati. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na mtu ukimshukia hapo kwanza, kila atakachokiona baadaye, msikiti, nyumba, mlango, atadhani kimekuja na merikebu za Wareno.

Basi Disemba iliyopita, walipokuja mke na mume kutoka Uholanzi, nilibadilisha mpango. Nimeona niueleze hapa, maana likizo zinakuja na najua wengi wenu mtapigiwa simu.

Tulianza asubuhi mapema, kabla ya joto, na tulianza na mahamri na mbaazi za nazi. Mtu mwenye njaa hasikii historia. Kutoka hapo tukaenda kwa miguu hadi Msikiti wa Mandhry, tukasimama nje, upande wa kisima. Msikiti huu huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, yaani ulikuwa ukiadhiniwa wakati pale penye ngome pana jabali tupu. Hapo nikawapa habari ya Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa mji huu hula ndizi na samaki, ni Mashafii, wana misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kwamba kwenye milango ya misikiti kuna visima, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza. Mume akageuka akakitazama kisima, akautazama msikiti, akacheka. Sikuhitaji kuongeza neno. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 mji ulikuwapo na mfalme wake, na mwaka 1505 Wareno waliurudia, wakaupora na kuutia moto.

Kutoka hapo tukaingia Ndia Kuu. Hata jina la barabara hii lina somo, kwani ndia ndiyo njia kwa Kimvita. Mke, ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwa kitabu, alidhani kibao kimekosewa. Nikamwambia kitabu chake ndicho kilichopita mbali na kwetu.

Ukiwa Mji wa Kale, usikimbilie kusema "tazameni, mzuri." Waeleze kwa nini uko hivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba hutokana na mti uliokatwa. Baraza za mawe zilizoshikana na ukuta wa nje ziliwekwa ili mwenye nyumba azungumze na wageni wake bila kuingilia stara ya walio ndani. Na mlango wa nakshi una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa, ule mti wa katikati, ambao mara nyingi ndio uliochongwa kwa bidii kuliko sehemu zote. Nyumba nyingine zina roshani za mbao zenye mkono wa mafundi wa Kihindi, na hilo pia lisemwe. Mji huu haukujengwa na kabila moja.

Sasa picha. Hapa niliaibika. Mume aliinua kamera wakati watoto wa madrasa wanapita, na mama mmoja aliyekuwa dirishani akanikemea mimi, hakumkemea yeye: "Mwanangu, wewe ndiye mwenyeji, mbona humwambii?" Nikaomba radhi. Mgeni hajui kwamba Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu, atajulia wapi usipomwambia? Mwambie kabla hamjatoka nyumbani: mlango piga, ukuta piga, mtu omba kwanza. Habari ya mavazi imalizeni huko huko pia. Kanga moja begani yatosha. Na Ijumaa adhuhuri waacheni watu waende msikitini kwa nafasi.

Ngomeni tuliingia mwisho, na wallahi ilikuwa ngome nyingine. Sasa walikuwa wanauliza wenyewe Wareno walihofia nini hata wakajenga kuta nene vile. Nikawahadithia Yusuf bin Hassan. Baba yake, aliyekuwa mfalme, aliuawa, naye akapelekwa Goa akiwa mtoto, akalelewa Kikristo na kuitwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kuja kutawala Mombasa. Agosti 1631 aliingia ndani ya ngome hii, akamuua kapiteni wa Kireno na kuitwaa. Mwaka uliofuata aliiacha, akaondoka kwa merikebu. Baada yake kuna mazingira ya Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa humo kwa njaa na maradhi. Kisha Waingereza wakaigeuza jela hadi 1958. Wazee wengi wa mji huu waliijua kama jela kabla haijawa makumbusho. (Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko chetu, kwa hivyo ulizeni mapema. Na kijana akijitolea kuwaongoza pale nje, patana naye bei kabla hamjapiga hatua.)

Jioni ni rahisi. Mama Ngina kwa viazi karai, mabuyu na madafu, kisha feri ya Likoni kwa miguu, ambayo ni bure na wageni wangu waliipenda kuliko vyote.

Lakini kuna jambo moja halijanitoka. Yule mgeni wa Denmark alikuwa amepiga picha ya mlango mmoja, kichochoroni karibu na Bandari ya Kale, akausifu sana. Niliwapeleka Waholanzi kuuona. Tukakuta geti la chuma, na nyuma yake ghorofa inapanda. Jirani akanieleza habari tunazozijua: mwenye nyumba alifariki, warithi wakawa wengi, kila mmoja yuko mji wake, paa likavuja miaka mingi bila wa kulitengeneza, mwisho nyumba ikauzwa. Mlango uliondoka kabla ya ukuta. Nimepita kichochoro kile tangu utotoni, na sina picha yake hata moja.

Usiku ule nilimwandikia rafiki yangu wa Denmark. Akanitumia. Kesho yake nikamwonyesha mzee mmoja ambaye huketi baraza ya upande wa pili kila baada ya Alasiri. Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akakaa kimya. Kisha akaniuliza kama naweza kumtolea kwenye karatasi, kubwa kidogo.