Chumvi haiishi, kinachoisha ni sahani

Unadhani bwawa la kuogelea la maji ya chumvi halina klorini? Inayo, ila inatengenezwa hapo hapo. Maji yenye chumvi gramu 3 hadi 4 kwa lita hupita kati ya sahani za titani zilizopakwa oksidi ya rutheni, na umeme hugeuza kloridi kuwa klorini. Ikishaua vijidudu, klorini hurudi kuwa kloridi.

Shida ni upande wa pili wa umeme: alkali huongezeka, chokaa inaganda. Ukiitoa kwa asidi kila mara, ule mpako nao unaliwa. Ukiisha, kifaa kimekufa.

Na waranti? Nyingi hazilipii uharibifu wa chokaa. Basi pima pH kila wiki, andika vipimo, tunza risiti. Huo ndio ushahidi wako.