Swichi za Chombo cha Zamani

Boti ya mota iliyoundwa miaka ya 1970 yaweza kufanya kazi hata leo. Mwili wake wa nyuzi za kioo hauozi upesi kama mbao, na mota ikichakaa hubadilishwa. Lakini tazameni ubao wa swichi mbele ya nahodha. Maandishi yamefutwa na jua, swichi moja imevunjika kichwa, nyingine yashika mara moja katika tatu. Kwa mtu wa Kalemie au Uvira anayesafiri usiku juu ya Ziwa Tanganyika na abiria na mizigo yao, ubao huo si pambo. Swichi moja yaamuru taa zinazowaonyesha wengine chombo kilipo. Nyingine yaamuru pampu ya ngama, yaani ile inayotoa maji yaliyokusanyika chini kabisa ya chombo. Na ziwa lile lina kina cha mita 1470 hivi!

Basi mwenye boti hununua sokoni swichi inayofanana na ile ya zamani, akaitia mahali pake. Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana swichi haijulikani kwa uso wake. Hujulikana kwa miguu yake ya nyuma na kwa mahali kichwa chake kinaposimama.

Swichi ya miguu miwili huwasha na kuzima tu. Yenye miguu mitatu yaweza kuwa ile ile, iliyotiwa taa ndogo ndani. Mguu wa tatu huenda kwenye upande hasi wa betri ili taa hiyo iwake. Fundi asiyejua hilo akiunganisha waya hasi na mguu usio wake, fyuzi hukatika mara swichi inapowashwa. Lakini miguu mitatu yaweza pia kuwa ya swichi yenye njia mbili. Ya honi nayo ina springi ndani: kidole kikiondoka, hurudi yenyewe.

Swichi ya pampu yataka uangalifu zaidi. Mara nyingi ina mahali patatu: katikati imezimwa, upande mmoja pampu hufanya kazi kwa amri ya nahodha, upande wa pili humngoja mlinzi wake, yaani kiboya kinachoinuliwa na maji na kuiwasha. Ukiweka badala yake swichi ya kuwasha na kuzima tu, kiboya hakina kazi tena. Mchana hakuna atakayetambua. Chombo kitakapofungwa bandarini usiku, watu wamekwenda kulala, maji yataingia polepole wala hakuna wa kuyatoa.

Swichi ya taa za safari nayo ina njia mbili. Boti ndogo ikienda kwa mota usiku, huonyesha taa nyekundu kushoto, ya kijani kuume, na nyeupe. Ikitia nanga, huonyesha nyeupe peke yake, inayoonekana pande zote. Kwa hiyo taa ile nyeupe yapaswa kuwaka katika njia zote mbili, lakini zile za rangi katika moja tu. Waya zikigeuzwa, boti iliyosimama itasema kwamba inakwenda, na inayokwenda itasema kwamba imesimama.

Tena kuna jambo la umeme wenyewe. Umeme wa nyumbani hugeuka upande, na kila sekunde hufika sifuri mara 100. Hapo cheche ndani ya swichi hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haugeuki. Cheche yake hudumu zaidi, ikala chuma cha ndani hata kikayeyuka au kushikamana. Kwa hiyo swichi ya ukutani haifai, ingawa bei yake yavutia. Tafuteni iliyoandikwa nguvu yake kwa umeme wa betri, volti 12 au 24. Pampu ya wati 60 kwa volti 12 hula ampea 5. Mpeni swichi ya ampea 10 au zaidi. Na mahali penye mvuke wa petroli, swichi iwe ya namna iliyofungwa isiyoweza kuwasha mvuke huo.

Kazi yenyewe haina haraka. Tenganisheni kwanza waya hasi wa betri. Pigeni picha nyuma ya ubao kwa simu, kisha fungeni kipande cha kitambaa chenye namba juu ya kila waya. Katika vyombo vingi vya Marekani waya wa kijivu ni wa taa za safari, na wa kahawia ni wa pampu. Lakini chombo kilichopita mikononi mwa mafundi wengi hakistahili kuaminiwa kwa rangi. Fuateni kila waya mpaka mwisho wake. Pimeni tundu la ubao kabla ya kununua, ondoeni swichi moja, tieni moja, ndipo mwende kwa nyingine.

Jua likishatua, mmoja akae kwenye usukani na mwenzake asimame mbali gatini, ataje kwa sauti rangi anazoziona. Kisha mimineni ndoo mbili tatu za maji ndani ya ngama, swichi ikiwa upande wa kiboya, mkasikilize kama pampu itaanza yenyewe.