Jiko la Kuni la Kujijengea na Bima ya Nyumba

Udongo wa kichuguu, majani makavu na matofali machache ya kuchoma. Hapa Nyamahanga, mwenye vitu hivyo na mikono yake hujijengea jiko la kuni lenye dohani, na pesa ya fundi ikabaki mfukoni. Lakini ikiwa nyumba ina bima ya moto, pengine kwa kuwa benki iliidai ulipochukua mkopo, kuna hesabu nyingine inayoanza siku unapotoboa bati.

Bima husimama juu ya kuambiana ukweli. Kwenye fomu ulieleza kuta za tofali, paa la bati, jiko liko nje. Ukiingiza moto ndani kimyakimya, umebadilisha hatari ambayo kampuni ilikubali kuibeba, na siku ya kudai fidia inaweza kukataa kulipa. Peleka barua kabla ya kuwasha, nakala yako igongwe muhuri. Wakiongeza ada, ilinganishe na bei ya kuezeka upya, mbao, misumari na bati.

Fundi ana gharama, ila anakuachia risiti, na yupo wa kueleza kilichofanyika. Jiko lako laweza kuwa imara kuliko lake. Tatizo ni kulithibitisha. Ukijenga mwenyewe, basi, piga picha kila hatua, hasa pale bomba linapopita. Bomba la bati lisikaribie kenchi wala dari. Afadhali dohani ya tofali iliyopanda hadi juu ya paa. Kuni mbichi huacha masizi yenye utomvu ndani ya bomba, na masizi hayo hushika moto, kwa hiyo yakwanguliwe mara kwa mara.

Angalia pia kiasi ulichokatia. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 20, nawe umeikatia bima ya milioni 10 ili ada iwe ndogo. Jiko likiunguza sehemu ya nyumba yenye thamani ya milioni 4, mkataba wenye sharti la uwiano utakulipa milioni 2 tu, hata kama ulitoa taarifa zote. Na magunia ya kahawa na mahindi yaliyomo ndani hayahesabiwi kuwa nyumba; lazima yaandikwe kwenye mkataba.

Kampuni ikikunyima fidia bila sababu ya haki, usiishie kwa wakala. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) ndiyo inayosimamia kampuni hizo, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayesikiliza wateja.

Mimi ningelijenga jiko hilohilo nje, kwenye banda la tofali lililo mbali kidogo na nyumba. Kuta nne na mabati machache ni gharama, lakini unailipa mara moja, na moto ukizuka hauanzii chini ya paa unalolalia. Hata hivyo, barua ya bima bado ningeipeleka.